Kujifungua Bure, Nauli Juu Yako

Msikilizaji, ingia katika zahanati yoyote ya serikali nchini Tanzania, uulize mama anatozwa shilingi ngapi kujifungua. Jibu ni moja: bure. Sasa toka nje, msogelee kijana wa bodaboda aliyeegesha kwenye kivuli cha mwembe, umuulize atachukua kiasi gani kumpeleka mama mwenye uchungu hospitali ya wilaya saa nane usiku, mvua inanyesha na barabara imegeuka tope. Huyo atakutajia bei, na bei yenyewe haikopeshwi.

Mazungumzo ya leo yanakaa katikati ya majibu hayo mawili. Tangu miaka ya 1990, serikali iliporudisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, wajawazito waliwekwa kwenye kundi la msamaha, nao wamo humo hadi leo. Lakini msamaha huo unaanzia mlangoni mwa kituo. Safari ya kutoka nyumbani hadi mlangoni hapo, na ile ndefu zaidi ya kutoka zahanati hadi kwenye chumba cha upasuaji, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa shauri la mume, la shemeji au la kikoba. Na mama maskini wa pembezoni mara nyingi hupona au hupotea humo humo njiani.

Mafanikio yapo, na ni haki yatajwe kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai laki moja, wanawake 556 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ukaja na idadi ya 104. Wapo wataalamu wanaoona anguko hilo ni kubwa mno kuliko hali halisi, na makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa vifo 238. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana kwamba vifo vinashuka, na vinashuka kwa kasi. Waliojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hicho hicho. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation kwa kazi hiyo.

Ila asilimia 81 ina wenzake waliobaki nyuma. Kati ya kila wanawake mia moja, 19 bado wanajifungulia nje ya kituo, na hao hawakutawanyika sawasawa nchini. Mjini wapo wachache sana. Wengi wako vijijini, katika kaya zisizo na mshahara wala mazao ya kutosha kuuza, kwenye visiwa, kwenye mbuga za wafugaji, na kwenye vitongoji ambavyo masika yakianza gari haliingii.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hutumiwa na wakunga na maofisa mipango wa afya duniani kote. Walisema mama anayefariki kwa uzazi mara nyingi huwa amecheleweshwa mara tatu: nyumbani katika kuamua, njiani katika kufika, na kituoni katika kuhudumiwa. Kampeni nyingi za afya zimeelekezwa kwenye ucheleweshaji wa kwanza, kana kwamba mama wa kijijini anabaki nyumbani kwa sababu hajaelimishwa. Kwa kiasi kikubwa anajua. Ameshahudhuria kliniki, ana kadi, na kadi hiyo inaeleza kama ana dalili za hatari: mimba ya kwanza, kimo kifupi, upasuaji wa uzazi uliopita, au uzazi wa tano na kuendelea. Kinachomkwamisha ni hesabu.

Hesabu yenyewe huanza mapema. Katika vituo vingi vyenye upungufu wa vifaa, mjamzito huambiwa aje na vyake: mpira wa kutandika kitandani, glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, na khanga safi za mtoto. Kila kimoja peke yake ni bei ndogo. Vikijumlishwa na nauli, chakula cha anayemsindikiza, na siku ambazo hakuna wa kupalilia shamba, vinakuwa mzigo wa msimu mzima. Tena kuna vikwazo ambavyo havitajwi kwenye sera yoyote ya msamaha. Kliniki zinahimiza mwenza aje kwenye hudhurio la kwanza ili wapimwe pamoja. Nia ni njema, ila binti aliyekimbiwa na mwenye mimba yake hujikuta akitafuta barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba hana wa kuja naye. Na katika baadhi ya vijiji, sheria ndogo humtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Aliyeshindwa nauli anadaiwa na faini juu yake, na matokeo yake ni kwamba wengine huficha uzazi wenyewe na kuchelewa kumpeleka mtoto chanjo.

Baadhi ya wilaya zimejaribu kuifupisha safari kwa kujenga nyumba za kusubiria karibu na hospitali. Mama aliyebakiza wiki mbili au tatu anakuja, anakaa, uchungu ukianza anatembea hatua chache hadi leba. Wazo ni zuri kwa anayeweza. Lakini mwenye watoto wanne nyumbani, mwezi wa kupalilia, atamwachia nani jiko? Na huko anakosubiri, nani atampa unga? Pale ambapo chakula hakikupangwa, vitanda vya nyumba hizo hubaki na nafasi huku wanaovihitaji wakiwa kilomita 40 mbali.

Ndiyo maana kilichotokea Kanda ya Ziwa kinastahili kuangaliwa kwa makini. Wilayani Sengerema, mkoani Mwanza, na katika mkoa wa Shinyanga, ulianza katika muongo uliopita mpango unaoitwa m-mama, ukisaidiwa na wahisani wakiwemo Vodafone Foundation na USAID. Waliouanzisha walijiuliza swali la kawaida kabisa: magari ya wagonjwa ni machache, yako mbali, mengine hayana mafuta, je, kijijini hakuna gari lingine lolote? Lipo. Kuna teksi bubu, kuna Noah ya mfanyabiashara wa dagaa, na visiwani kuna boti.

Utaratibu wake ni huu. Mama au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo. Simu inapokewa katika kituo cha uratibu na mtu mwenye taaluma ya afya, ambaye huuliza maswali yaliyopangwa: damu inatoka kiasi gani, uchungu umeanza lini, kuna degedege, mtoto anapumuaje. Majibu yakionyesha hatari, mratibu anaangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu. Kama halipo, anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, aliyefundishwa na kukubali nauli iliyopangwa kulingana na umbali. Dereva anamfikisha mama kituo kilichotajwa, ambacho kimeshaarifiwa. Mhudumu anayempokea anathibitisha kwamba mgonjwa amefika, na malipo yanaingia kwenye simu ya dereva. Familia haitoi kitu, na hakuna anayesimama uwanjani saa nane usiku kubembelezana bei na mtu anayejua kwamba hana mshindani.

Aprili 2022 mpango huo ulizinduliwa rasmi jijini Dodoma uenee nchi nzima, na baadaye Zanzibar nayo ikaingizwa. Ukubwa wake hautokani na teknolojia. Simu ya kawaida na orodha ya madereva si uvumbuzi wa kutisha. Uamuzi uliobadilisha mambo ni wa kihasibu: nauli ya mama mwenye dharura imehamishwa kutoka mfuko wa familia hadi mfuko wa umma, kama zilivyo dawa na mshahara wa mkunga. Uamuzi huo ungeweza kufanywa miaka 30 iliyopita, bila simu ya mkononi hata moja.

Kanda hiyo hiyo ina funzo jingine, la zege na chuma. Mgonjwa wa Sengerema anayehitaji hospitali ya kanda hupelekwa Bugando, jijini Mwanza. Kati yake na Bugando kuna ghuba ya Ziwa Victoria, na kwa miaka yote kulivukwa kwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Ukihesabu foleni na kusubiri chombo kigeuze, safari hiyo iliweza kufika saa mbili. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilomita tatu lilifunguliwa hapo, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Watu walilipigia vigelegele kama daraja la biashara, la samaki, la mabasi ya Geita na Bukoba. Wachache walilitaja kuwa huduma ya uzazi. Ila kuvuja damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama aliyekuwa mzima ndani ya saa mbili hizo hizo ambazo kivuko kilikuwa kikizila.

Visiwani daraja halitafika. Ukerewe kulifanyika mwaka 2018 majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kwa ndege isiyo na rubani. Iliruka kilomita 60 juu ya ziwa kwa takriban dakika 40, wakati safari ya barabara hula saa nyingi. Rwanda ilikuwa imeshatangulia: tangu Oktoba 2016, ndege za kampuni ya Zipline zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu kwenye hospitali za vilimani. Zinafaa mahali ambapo hospitali ipo na mtaalamu yupo lakini chupa ya damu haipo. Zisichoweza kufanya ni kumbeba mama.

Tuseme sasa mama amefika. Safari imekwisha, nauli imelipwa na umma, dereva ameondoka. Hapo ndipo ucheleweshaji wa tatu unapoanza, na huu ndio usiosemwa sana kwenye hotuba za uzinduzi.

Kituo cha afya cha ngazi ya tarafa, kikiwa na chumba cha upasuaji, kinaweza kuokoa mama ambaye zamani angepelekwa wilayani. Tanzania imejenga vingi. Kuanzia 2017 zaidi ya vituo 300 vilipanuliwa ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Kisha ikaja tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ile iliyowafanya watu walalamike kila walipotuma fedha kwa wazazi; sehemu ya makusanyo yake ilijenga vituo vingine zaidi ya 200. Kwa hiyo mama lishe wa Buguruni aliyemtumia mama yake hela ya mboga amechangia matofali ya leba ya mahali asipopajua. Ana haki ya kuuliza kama leba hiyo inafanya kazi usiku.

Maana jengo halifanyi upasuaji. Upasuaji unahitaji watu watatu au wanne walio macho kwa wakati mmoja: wa kupasua, wa kumpa mama dawa ya usingizi, wa kushika vifaa, na wa kumpokea mtoto. Unahitaji umeme usiokatika, maji, jokofu la dawa, na damu. Mmoja wa watu hao akiwa likizo, au akiwa semina mkoani, chumba kinabaki kimefungwa kwa kufuli na mama anaandikiwa rufaa nyingine.

Na hii haimaanishi kwamba kila kituo kinahitaji daktari bingwa. Tanzania ilianza tangu miaka ya 1960 kuwafundisha madaktari wasaidizi, watu waliokuwa matabibu kwanza kisha wakaongezewa mafunzo, kufanya upasuaji wa uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma uligundua kwamba wao ndio waliofanya zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa dharura za uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Kigoma, ambako Bloomberg Philanthropies ilianza kusaidia mwaka 2006, mafunzo kama hayo yalishushwa hadi kwenye vituo vya afya. Mkoa ambao zamani ulitajwa kwa umbali wake kutoka Dar es Salaam ukawa mahali pa kujifunzia jinsi ya kufanya upasuaji salama kijijini.

Wakati mwingine kinachokosekana ni kidogo kuliko upasuaji. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, akihudumia wazazi watatu, hukadiria kwa macho damu iliyopotea, na macho hukosea. Damu ikifyonzwa na khanga huonekana kidogo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama ilitandikwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika alama fulani, mkunga hasubiri: anakanda mji wa mimba, anatoa dawa ya kuubana na dawa ya kugandisha damu, anaweka dripu, anachunguza damu inatokea wapi, vyote kwa mpigo mmoja. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60. Kifaa ni plastiki. Gharama kubwa ni kuwa na mkunga wa kukitazama.

Jirani zetu Kenya wametuonyesha nini hutokea ada ikiondolewa na mengine yakiachwa nyuma. Juni 2013 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma, mpango ambao baadaye ukaitwa Linda Mama. Wanawake waliitikia. Waliohudumiwa na mtaalamu wakati wa kujifungua walipanda kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi 89 mwaka 2022. Wodi zilijaa, vitanda vikalaliwa na wazazi wawili. Lakini vifo havikushuka kwa kasi hiyo: utafiti wa 2014 ulihesabu vifo 362 kwa kila vizazi hai laki moja, na sensa ya 2019 ikahesabu 355. Akina mama walikuwa wameondolewa ada, wakakutana na mlango wenye foleni. Tangu Oktoba 2024 huduma hiyo imeingizwa chini ya mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, ambayo inadai kaya isiyo na ajira rasmi ilipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mama anayeishi kwa kufua nguo za watu Mathare au Kibra, kulipa kwa mkupuo mmoja ni kizuizi hata kama kiasi chenyewe, kikigawanywa kwa siku, ni kidogo.

Mahakama za Kenya nazo zimesikia upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilivunjwa walipozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu walishindwa kulipa bili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Kesi hizo hazikuwa za umbali wala nauli. Zilikuwa za namna maskini anavyopokelewa akishafika, na habari za namna hiyo hufika kijijini upesi kuliko tangazo lolote la wizara. Mama aliyetukanwa leba mwaka huu, mdogo wake atajifungulia nyumbani mwakani.

Tatizo hilo nalo lina tiba isiyo ghali. Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu kumruhusu mama awe na mtu wake ndani ya leba: dada, mama mzazi, mkwe. Ilibidi kuwekwe mapazia kati ya vitanda ili wengine wasionekane, na wauguzi wazoee kufanya kazi wakitazamwa. Msindikizaji humsugua mama mgongo, humpa maji, na zaidi ya hayo huita mkunga damu ikianza kutoka. Katika wodi yenye mkunga mmoja, hayo ni macho ya ziada yasiyodai mshahara.

Limebaki suala la nani analipa. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa. Miradi mingi ya afya ya uzazi Afrika Mashariki ilitetereka ndani ya wiki chache tu, mingine ikafa. Mpango wa usafiri wa dharura utabaki hai endapo halmashauri zitautengea fedha zake zenyewe, kila mwaka, na kumlipa dereva usiku ule ule aliofanya kazi. Dereva aliyedai malipo ya safari tatu bila kulipwa hatapokea simu ya nne, na hakuna wa kumlaumu, kwani mafuta alinunua kwa hela yake.

Kwa hiyo msikilizaji mwenye binti, mke au shemeji anayekaribia siku zake anayo ya kufanya kabla uchungu haujaanza. Namba 115 iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, maswali matatu yanaweza kupelekwa huko na mtu yeyote, akiwa na elimu au hana. Chumba cha upasuaji cha kituo chetu kilifunguliwa mara ngapi usiku mwezi uliopita? Jokofu la damu lina chupa ngapi leo? Madereva wa dharura wanadai kiasi gani? Wajumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo wanatoka hapo hapo kijijini na wanapaswa kuwa na majibu. Wasipokuwa nayo, swali liende kwa diwani, maana bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai mosi, na kifungu cha nauli ya wazazi kisichoombwa wakati huo hakitakuwemo.